Vifaa vya Daktari wa Ng'ombe

Mteja mwingine akitaka tochi huibonyeza, anaona mwanga, anaichukua anaenda zake. Yeye aliomba gunia. Aliingiza kichwa na tochi ndani ya gunia saa sita mchana, katikati ya soko la Busia, watu wakipita na kushangaa mzee mzima aliyebaki nje kuanzia kiunoni kwenda chini. Humo ndani nilimsikia akinung'unika: "Hii inaona mbali, lakini chini haioni. Nyoka inakaa chini, shemeji." Akatoka na vumbi la mahindi kwenye nyusi, akanirudishia, akaomba nyingine. Nikampa nyingine. Akarudi gizani.

Wengine sokoni walidhani ni mwendawazimu. Mimi nilidhani ni msumbufu tu, na kwa miaka mingi sikubadilisha mawazo.

Nauza vitu vya njia, upande wa Kenya, karibu na pale malori yanapopanga foleni: gambuti za mpira, makoti ya mvua, tochi, miavuli, fimbo, filimbi, mikoba ya mgongoni, na zile jaketi za kung'aa za watu wa boda tunazoziita rifleta. Mimi ni mwanamke wa Kisamia, na mpaka huu ulipita katikati ya ukoo wetu, kwa hiyo Uganda kwangu si ng'ambo. Yeye alikuwa Mteso wa pande za Mukuju, huko Uganda, daktari wa ng'ombe. Marehemu mke wake alikuwa Msamia kama mimi, ndiyo maana aliniita shemeji, na mkishaitana shemeji, utani hauna mwisho. Nikimwambia amezeeka, ananiambia mimi nilizeeka kabla ya kuzaliwa. Alikuja kila Ijumaa kununua dawa za mifugo na chumvi ya kulamba, kisha anapita kwangu kunichosha.

Aliendea ng'ombe wa watu kwa miguu, peke yake. Mukuju yote, hadi chini kule Tiira kwenye mashimo ya dhahabu, nyumba kwa nyumba, na mkoba wake wa sindano. Lami hakutembea. Lami alipanda gari kama mimi na wewe, akisema barabara kubwa ni ya malori na mtu mwenye akili haishi nayo. Lakini gari likishamshusha, hakuna aliyeweza kumpandisha pikipiki. Alisema ukienda kwa boda unafika kabla hujaona kitu, na yeye ugonjwa anauona njiani, kwenye kinyesi cha jana na kwenye jinsi ng'ombe anavyosimama akiwa mbali, kabla mwenyewe hajaanza kueleza na kudanganya.

Sasa, kwa nini asumbue watu kwa ajili ya tochi? Hilo alinieleza mapema, nikiwa nimeshachoka kumvumilia. Ana mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi Kampala. Mama alipofariki, mtoto alikuja na gari kumchukua baba. Baba akakataa kupanda. Wakavutana, ukoo ukaitwa, mwisho wakapatana hivi: mzee ataendelea kutembea, lakini siku atakayoletwa nyumbani amebebwa, hata na jirani, hata kwa baiskeli, siku hiyo hiyo anahamia Kampala na ubishi umekwisha.

"Kule mimi nakaa kwa kiti," aliniambia. "Nakaa, naangalia televisheni, nakufa. Ng'ombe haiko. Hata mavi ya ng'ombe haiko."

Tangu siku hiyo, akiingiza kichwa kwenye gunia, nilijua anatetea nini. Haikunizuia kumtukana, lakini nilijua.

Gambuti alizijaribu kwa maji. Ndiyo, maji. Aliomba mtungi kwa mama wa chai, akamimina ndani ya buti jipya kabisa, akaliinua juu na kulizungusha akitafuta tone. Nilipiga kelele siku ya kwanza mpaka jirani zangu wakasimama. "We mzee, nani atanunua buti lililolowa?" Akasema, "Mimi." Na kweli akalinunua, akalivaa likiwa limelowa, akaenda zake akitoa sauti ya chura kila hatua. Ijumaa iliyofuata alirudi kuniambia lilikuwa buti zuri.

Fimbo aliichagua kwa kuiegemea kwa uzito wake wote, na ikilia hata kidogo anaiweka chini. Alitaka ifike kidevuni. Fimbo fupi, alisema, ni ya kuchapa watoto, si ya safari. Kazi yake ya kwanza haikuwa mbwa wala wezi. Kule Tiira watu wanachimba, dhahabu ikiisha wanahamia pengine, na shimo linabaki hapo hapo linaota nyasi. Ukipita bila kuuliza ardhi, umekwenda. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: fimbo inatangulia, mguu unafuata. Nilimwona akifanya hivyo hata sokoni, kwenye sakafu ya saruji, anagonga ndipo anakanyaga.

Alikuwa na msemo wake mwingine: "Kitu mkono haijui ni mzigo tu." Mkoba ukishafungwa alinitaka nimwambie kitu chochote, naye afumbe macho akitoe kwa mkono mmoja. "Tochi!" Anaitoa. "Filimbi!" Inatoka. "Bandeji!" Hiyo hapo. Siku moja nikamwambia, "Mke!" Akafumbua macho, akacheka mpaka akashika meza, kisha akasema polepole, "Hiyo nilipoteza, shemeji." Nikaona aibu, nikampa chai.

Vijana wakaanza kuleta vile vichupa vya kupuliza pilipili machoni. Niliviweka mbele, vikauzika sana kwa wasichana wanaotoka kazini Malaba. Yeye alikishika kimoja, akakigeuza, akaniuliza upepo unavuma kutoka wapi. Nikasema sijui. "Umeona?" akasema. "Hata wewe muuzaji hujui. Upepo haina rafiki. Mtu anataka kuniibia, mimi napuliza, nakuwa kipofu mbele yake. Si ni kumsaidia?" Tangu hapo kila msichana akinunua namwambia kwanza aangalie majani yanapinda wapi. Wengine hunicheka. Mimi nasema hivyo hivyo.

Rifleta, hiyo aliipenda kuliko nguo za kanisani. Aliivaa mchana kweupe, jua linawaka, kwa sababu alitaka mwenye lori, hata anayesinzia, amwone akivuka lami. Shida ikawa moja. Watu walimwona na jaketi la boda wakadhani ni boda. Alisimama kando ya njia apumzike, mama mmoja akamfikia na kuku wawili na mtoto, akamwambia, "Nipeleke kituo cha afya, haraka." Alipomwambia hana pikipiki, mama akamwuliza imekamatwa na polisi au vipi. Akamshikia kuku, wakaenda wote kwa miguu hadi kituoni, na njia nzima yule mama alimpa pole ya pikipiki.

Usidhani alikuwa mtu wa kupangika. Fahali anayeogopwa na kijiji kizima alimshika pembe akimnong'oneza, lakini bata mzinga! Akiona bata mzinga kwenye uwanja wa mtu, anasimama nje ya ua na kuita mpaka wamfunge. Hakunieleza kwa nini, akasema ni mambo ya ndege na mtu. Na huyo huyo aliyehubiri kwamba anayetembea peke yake lazima simu iwe na chaji na mtu mmoja ajue anakokwenda, simu yake aliizima kutwa. Alikuwa na ile simu ndogo ya mulika mwizi, imejaa chaji hadi kwenye koo, na imezimwa. Kwa nini? Mtoto asipige. Akipiga atauliza uko wapi, na mzee hakutaka kusema uongo, hivyo alinyamaza.

"Na ukianguka?" nilimwuliza.

"Nikianguka nawasha."

"Ukiangukia mkono?"

"Shemeji, wewe unapenda kuniangusha sana."

Sasa nifike kwenye filimbi, maana ndiyo tuliyogombania kuliko kitu chochote. Nilimwuzia mimi, filimbi ya bati, kali, ya marefa. Aliijaribu sokoni, mlinzi wa benki akatoka mbio. Akaridhika.

Siku moja alikwenda Tiira kumwona ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na siku hiyo, sijui shetani gani alimwingia, simu ilikuwa imewashwa. Ikalia. Akaona ni mtoto. Akabana fimbo kwapani ili aikate simu haraka, na mguu ukatangulia. Shimo la zamani, ukingo umelainishwa na mvua. Halikuwa refu, lilimmeza hadi kifuani, lakini lilikuwa na tope la kunata na kila akijisukuma anazama kidogo. Simu ikaenda na maji. Mkono ukakumbuka filimbi. Akapuliza.

Akasikia watu. Walikuwa karibu, upande wa pili wa kichuguu, wakichimba. Akasikia miguu yao ikikimbia, akamshukuru Mungu. Kisha akagundua miguu inakwenda mbali.

Akapuliza tena kwa nguvu zaidi. Wakakimbia zaidi.

Mzee huyo hakuwa amewahi kuuliza filimbi maana yake nini kwa wachimbaji wale. Kwao pale filimbi ina maana moja: ukuta unaanguka, toka, usiangalie nyuma. Kadiri alivyoomba msaada ndivyo alivyozidi kuwafukuza, mpaka eneo zima likawa kimya na yeye yumo kwenye tope na kibati mdomoni.

Kupiga nduru hakutaka. Nduru ingeleta kijiji kizima, na kijiji kizima kingembeba, na habari ingefika Kampala kabla yake. Alikaa humo akifikiri. Kisha, alinieleza akiangalia pembeni kama mtu anayesimulia mambo ya chumbani, akalia kama ndama. Ndama aliyetenganishwa na mama yake. Sauti hiyo anaijua, amefanya kazi nayo maisha yake yote.

"Watu wa kwetu wanaweza kukimbia mtu," alisema. "Ndama? Hapana."

Walikuja wanawake waliokuwa wakiosha mchanga wa dhahabu kijitoni, na kamba mkononi, wakibishana ndama ni wa nani. Walipochungulia wakamkuta daktari. Mmoja alikaa chini kwa kicheko. Wakamfunga kamba kifuani kama wanavyomfunga mnyama, wakamvuta, akatoka bila buti moja. Wakataka kumpakia kwenye pikipiki. Akakataa. Kifundo cha mguu kimevimba, fimbo imebaki shimoni, akakata tawi, akatembea hadi kwa yule mwenye ng'ombe, akamzalisha ng'ombe, akakaa hapo siku kadhaa mguu upungue. Kisha akarudi Mukuju kwa miguu yake, na Kampala hawakujua kitu.

Ijumaa ilipofika aliiweka filimbi mezani kwangu. "Filimbi yako inafukuza watu."

"Filimbi yangu inalia," nikasema. "Uliuliza watu wa pale wakiisikia wanafanya nini? Unauliza ng'ombe maswali kumi, mtu humwulizi hata moja."

Nilimfokea sana. Nilikuwa nimeogopa, ndiyo ukweli, nilimwona kwenye lile tope kama ninamwangalia, na mimi nikiogopa nafoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha filimbi mkobani, kwenye mfuko wake ule ule. "Basi hii ni ya Mukuju," akasema. "Tiira nitalia ndama."

Siri ya shimo haikukaa. Wale wanawake walikuwa na ndimi, nani hana. Haukupita muda mrefu, kijana mmoja mpole akasimama mbele ya kibanda changu, akaniinamia kidogo kama Waganda wanavyosalimia wakubwa, akauliza, "Wewe ndiye mama unamuuzia baba yangu vitu?"

Nikajua ni nani. Ana paji lile lile.

"Mama, nakuomba sana. Usimuuzie tena. Bila hii vitu yako hawezi kutoka."

Nilimjibu vibaya, na sijutii. "Nikimnyima gambuti ataenda na kandambili. Nikimnyima fimbo atakwenda mikono mitupu. Unadhani mimi ndiye ninayemtoa nyumbani? Alibebwa?"

"Hakubebwa."

"Basi mapatano yenu yapo."

Kijana hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akasema usiku simu ikilia anashika ukuta kwanza ndipo anapokea. Nikaona kwamba anampenda baba yake, na hilo lilinikera zaidi, maana mtu mbaya ungemfukuza tu. Aliniandikia namba yake kwenye simu yangu. "Ukiona kitu, mama, nipigie." Nikasema sawa. Aliondoka bila kununua chochote, na mimi siku nzima sikuwa na raha.

Nilimwambia mzee kwamba mtoto alikuja. Hakuuliza alisema nini. Akaniuliza kama alikuwa amekula.

Basi miaka ikaenda hivyo. Ijumaa moja ya mvua za mwaka huu akaja kama kawaida, rifleta, gambuti, fimbo kidevuni. Lakini hakushika kitu. Hakuomba gunia wala maji. Alisimama tu mbele ya meza, wateja wawili wakaja wakanunua miavuli wakaenda, yeye yupo. Nikamtania kwamba anazuia mwanga. Hakurudisha utani.

"Shemeji," akasema, "mtu akisahau njia anavaa nini?"

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona uso wake, nikatoa kiti.

Ilikuwa pale kwao Mukuju, kwenye njia panda anayoipita tangu ujana, njia moja inakwenda kanisani na nyingine kwa wenye ng'ombe. Alifika hapo akasimama, na njia zote mbili zikawa ngeni. Fimbo ilitangulia, alisema, lakini mguu haukujua pa kufuata. Akakaa kwenye jiwe. Mwanamke mmoja akapita na maji kichwani, akamwuliza, "Daktari, unangoja nani?" Akamdanganya kwamba anamngoja mtu, kisha akamfuata kwa nyuma mpaka akaona paa analolijua. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Imeshatokea tena.

Mimi ni mtu wa biashara, mdomo wangu hauna breki. Nikaanza. Nikamwambia kuna simu siku hizi zina ramani, zinaongea kabisa, zinakuambia kata kushoto. Nikamwambia tunaweza kufunga kitambaa chekundu kwenye mti wa njia panda. Nikamwambia mwenye ng'ombe awe anamfuata nyumbani na kumrudisha. Alinisubiri nimalize.

"Ramani inajua njia," akasema. "Mimi nasahau nakwenda kwa nani. Nafika kwa mtu na sindano mkononi, sijui ng'ombe gani. Juzi nilitaka kuchoma mara mbili. Mwenyewe akanishika mkono."

Niliangalia kibanda changu chote, juu hadi chini, kila kitu kinachoning'inia. Machozi yakanijia. "Sina, Daktari," nikasema. "Sina kitu cha hiyo."

"Najua. Nilitaka tu kuuliza mtu wa kazi." Akafuta mikono kwenye magoti. "Unayo namba ya yule mtoto. Nipigie. Mimi nikianza kupiga nitazima."

Nikapiga. Alipokea mara moja, hakunisalimia hata. "Wamemleta?"

"Hakuna aliyemleta. Amekuja mwenyewe, amekaa hapa kwangu. Anataka kuja kwako."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

Nikasikia mwanamume mzima analia, nikageukia ukuta ili mzee asinione. Akanyoosha mkono akachukua simu. Waliongea Kiteso, polepole, zaidi mtoto. Mzee alikuwa akijibu kwa koo tu. Kisha akasema jambo refu, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama vile yule anamwona, akanirudishia simu.

"Anakuja kesho, Jumamosi," akasema. "Anasema hatuendi moja kwa moja. Tunazunguka kwanza kuaga wenye ng'ombe. Wote. Hadi Tiira. Mimi na yeye, kwa miguu."

Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Alikuwa ameshasimama, anaangalia mstari wa gambuti. "Lete namba tisa."

"Mzee, wewe ni namba saba tangu nikujue."

"Si yangu. Yule atakuja na viatu ya ofisi."

Nikamshushia namba tisa. Aliingiza mkono hadi ndani, akapapasa kisigino kwa kidole, taratibu, mvua ikigonga mabati juu yetu, akatoa mkono, akanirudishia.

"Hapana, shemeji. Hii itamkata. Yeye hajazoea."

Nikaleta nyingine.